Falaki ya Hesabu si Falaki ya Ramli: Habari za Setilaiti na Mabaharia

Katika lugha yetu neno "falaki" limebeba mizigo miwili isiyofanana. Mzigo wa kwanza ni elimu ya jua, mwezi na nyota: miendo yao, mahali pao, na nyakati za kuchomoza na kutua kwao. Mzigo wa pili ni kazi ya yule mtu aketiye na kitabu chake, akauliza jina la mtu na jina la mama yake, akajumlisha herufi, kisha akasema: nyota yako ni fulani, safari hii ina nuksi, ndoa hii haina heri.

Watu wengi wameyachanganya mambo haya mawili, na mchanganyiko huo umeleta hasara za namna mbili majumbani mwetu. Wako wazazi wacha Mungu ambao, kwa kuichukia ramli, huona shaka kumwacha kijana wao asome elimu ya nyota, wakidhani kwamba kila asemaye jambo litakalotokea angani kesho amejitia katika mambo ya ghaibu. Na wako wengine ambao, kwa kuona wataalamu wakieleza kupatwa kwa jua miaka mingi kabla, tena mpaka dakika yake, husema: ikiwa hawa waweza, kwa nini mtazamiaji wetu asiweze? Wa kwanza wamnyima mtoto elimu, na wa pili wajipotezea imani yao na fedha zao.

Makala haya yakusudia kuonyesha mpaka ulio baina ya hesabu na ramli. Tumechagua kuuonyesha kwa kisa kimoja cha kweli, nacho ni kisa cha setilaiti za kwanza zilizotumika kuongozea meli, na mashine za hesabu zilizotiwa melini ili zieleze setilaiti itakuwa wapi hata kabla haijachomoza.

NYOTA NA MABAHARIA WA ZAMANI

Qur'ani Tukufu imetufundisha, katika Suratul An'aam na katika Suratun Nahl, kwamba nyota ni alama ambazo kwazo watu huongoka. Na katika Suratur Rahman tumeelezwa kwamba jua na mwezi huenda kwa hesabu. Hilo neno "hesabu" ndilo ufunguo wa mlango wetu wa leo. Kitu kiendacho ovyo hakuna awezaye kujua kesho kitakuwa wapi. Lakini kitu kiendacho kwa hesabu, mwenye kuijua hesabu yake aweza kukingojea mahali kitakapofika.

Mabaharia wa Kiislamu waliijua elimu hii zamani. Ahmad bin Majid, mtu wa Julfar katika Ghuba, aliyeishi katika karne ya 15 na kuandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari yapata mwaka 1490, ni mmoja wa mabingwa wake. Mabaharia wa zama zake walipima urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari kwa vidole, na walikuwa na kibao kidogo kilichofungwa uzi wenye mafundo, kiitwacho kamal. Nahodha alishika fundo kwa meno, akanyoosha uzi, akaelekeza kibao baina ya bahari na nyota. Akiona nyota ya kaskazini ina urefu wa vidole kadha wa kadha, alijua yu katika usawa wa bandari fulani.

Lakini elimu hiyo ilikuwa na mipaka yake. Mawingu yakitanda, nyota hazionekani. Tena urefu wa nyota ya kaskazini humweleza nahodha umbali wake wa kusini na kaskazini tu. Umbali wake wa mashariki na magharibi hauelezi. Shida ya mashariki na magharibi ilipunguzwa sana baada ya kupatikana saa za melini zilizo sahihi katika karne ya 18, lakini shida ya mawingu ilibaki pale pale mpaka karne ya 20.

NYOTA YA KUTENGENEZWA

Tarehe 4 Oktoba 1957, Muungano wa Sovieti ulirusha angani tufe la madini lenye upana wa sentimita 58 na uzito wa kilo 83 na ushei. Liliitwa Sputnik. Lilizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi, na ndani yake mlikuwa na redio iliyotoa mlio mfupi mfupi usiokatika. Hiyo ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa na mwanadamu.

Katika Marekani, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins iliyoko Maryland, vijana wawili wataalamu wa fizikia, William Guier na George Weiffenbach, waliusikiliza mlio huo kwa hamu. Wakaona kwamba sauti yake ilibadilika kadiri setilaiti ilivyopita. Kila mtu aliyesimama kando ya barabara amepata kulisikia jambo hili: gari likija mbio huku likipiga honi, sauti ya honi husikika nyembamba; likiisha kupita na kwenda zake, sauti hushuka ikawa nene. Honi haikubadilika, ila mwendo wa gari ndio uliobadilisha mawimbi ya sauti yatufikiayo. Mawimbi ya redio nayo hufuata kanuni hiyo hiyo, iitwayo kanuni ya Doppler.

Vijana wale walipima mabadiliko hayo kwa uangalifu, wakayaandika, wakayapigia hesabu. Wakagundua kwamba kwa kusikiliza mahali pamoja tu, pasipo kuiona setilaiti, waliweza kuijua njia yake yote angani.

Mwezi wa Machi 1958, mkubwa wao katika maabara hiyo, Frank McClure, aliwaita akawauliza swali lililogeuzwa. Ninyi mnajua mahali mlipo, na kwa hiyo mmeweza kujua setilaiti iko wapi. Je, mtu akijua setilaiti iko wapi, hataweza kujua yeye mwenyewe yuko wapi? Wakapiga hesabu, wakaona kuwa yawezekana, tena kwa usahihi uliowashangaza. Kutokana na swali hilo ulizaliwa mpango ulioitwa Transit, chini ya uongozi wa Richard Kershner. Setilaiti ya kwanza ya mpango huo, iliyorushwa Septemba 1959, haikufika katika njia yake. Ya pili, iliyorushwa tarehe 13 Aprili 1960, ilifika. Mwaka 1964 mpango mzima ukaanza kutumiwa na jeshi la majini la Marekani.

UTABIRI UNAOZEEKA

Sasa na tuitazame kazi yenyewe, maana hapa ndipo palipo somo letu.

Setilaiti za Transit zilizunguka dunia kwa njia ipitayo juu ya ncha za kaskazini na kusini, katika urefu wa kilomita 1,100 hivi, kila mzunguko ukichukua dakika 107 hivi. Ili setilaiti imsaidie baharia, hapana budi iweze kumwambia: "Saa hii mimi niko mahali fulani." Lakini setilaiti haijijui iko wapi. Vituo vya nchi kavu, katika Maine, Minnesota, California na Hawaii, viliisikiliza kila ilipopita na kupima mawimbi yake. Vipimo hivyo vikapelekwa kwa kompyuta kubwa, nayo ikahesabu njia ya setilaiti kwa saa zijazo. Kisha majibu yakarushwa kwa redio mpaka ndani ya setilaiti, ikayahifadhi, na kila baada ya dakika 2 ikawa inayatangaza kwa wote walio chini yake.

Basi setilaiti ilikuwa inatangaza utabiri: habari ya mahali itakapokuwa, iliyokwisha kuhesabiwa kabla haijafika. Na utabiri huu, msomaji mpenzi, ulikuwa unazeeka. Dunia yetu si tufe lililo sawasawa. Hapa mvutano wake ni mkubwa zaidi, pale ni mdogo zaidi, na setilaiti huyumbishwa kidogo kidogo. Hata katika urefu ule kuna hewa kidogo sana inayoizuia, na mwangaza wa jua nao huisukuma. Kila moja ya nguvu hizi ni ndogo, lakini hujumlika. Kwa ajili hiyo wataalamu hawakuthubutu kuuacha utabiri wao ukae muda mrefu. Kila baada ya saa 12 hivi walipima upya, wakahesabu upya, wakaipelekea setilaiti habari mpya. Hao ni watu waliokuwa na mashine bora za zama zao, na ujuzi wao wa mambo yajayo waliuamini nusu ya siku tu.

MASHINE ILIYO MELINI

Katika nyambizi za jeshi iliwekwa kompyuta iliyoitwa AN/UYK-1. Ilikuwa na urefu wa futi 5 hivi na uzito wa ratili 550, yaani karibu kilo 250, na pembe zake ziliviringwa ili iweze kupita katika tundu la kuingilia nyambizini. Kumbukumbu yake ilikuwa na nafasi 8,192 tu, kila nafasi ikichukua tarakimu 15 za sifuri na moja. Ilitengenezwa kwa vipete vidogo sana vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya kwa mkono, mfano wa mtu atungavyo shanga. Picha moja ya simu ya leo yahitaji nafasi kubwa kuliko kumbukumbu yote ya mashine ile.

Kazi za mashine kama hizi zilikuwa tatu. Kazi ya kwanza ilikuwa kumwonya baharia mapema: setilaiti fulani itachomoza saa fulani, na itafika urefu fulani juu ya upeo wa bahari. Orodha hii ilikuwa na faida kubwa, kwani si kila mpito wa setilaiti ulifaa. Ikipita chini mno karibu na upeo wa bahari, mawimbi yake huharibiwa na hewa. Ikipita juu kabisa ya utosi wa meli, kipimo cha mashariki na magharibi hudhoofika. Baharia alichagua mpito wa wastani, akauacha usiofaa. Na kwa kuwa njia zote za setilaiti hizo hukutana kwenye ncha za dunia na kuachana kwenye ikweta, meli zilizopita karibu na ikweta, kama zile za mwambao wetu wa Afrika ya Mashariki, ziliweza kungoja saa kadha baina ya mpito mmoja na mwingine.

Kazi ya pili ilikuwa kupokea tangazo la setilaiti na kupima mabadiliko ya mawimbi yake wakati wote wa kupita, ambao kwa kawaida haukuzidi dakika 18. Setilaiti ilitangaza kwa mawimbi ya namna mbili, megahezi 150 na megahezi 400. Tabaka la juu la anga, lenye chembe za umeme, huyapinda mawimbi ya namna hizo mbili kwa viwango tofauti, na kwa kulinganisha tofauti hiyo mashine iliweza kuliondoa kosa hilo.

Kazi ya tatu ndiyo iliyo ya ajabu zaidi. Mashine ilianza kwa kukisia. Baharia aliiambia: nadhani tuko hapa. Mashine ikahesabu: kama tungekuwa hapo, mawimbi yangebadilika hivi na hivi. Kisha ikalinganisha na yale iliyoyapima kweli, ikaona tofauti, ikajisogeza kidogo kuelekea mahali panapopunguza tofauti ile, ikahesabu tena. Ilirudia hivyo mpaka tofauti ikawa ndogo kabisa. Katika mashine za mwanzo hesabu hiyo ilichukua dakika 15 hivi, ndipo zikatoka tarakimu za latitudo na longitudo, nazo baharia akazihamishia katika ramani yake kwa penseli.

Tena lipo jambo moja ambalo mashine haikuweza kulitatua yenyewe. Wakati setilaiti inapita, meli nayo inakwenda. Ikiwa baharia amekosea mwendo wa meli yake mwenyewe kwa maili moja ya baharini kwa saa, basi jibu la mashine liliweza kukosea kwa karibu robo ya maili. Setilaiti imesema kweli, hesabu ni sahihi, lakini mtu hakujijua mwendo wake. Na hili si la mabaharia peke yao. Ni wangapi wenye uongozi ulio wazi mbele yao, nao wapotea kwa kutojihesabu nafsi zao?

ALAMA TATU ZA HESABU

Sasa twaweza kuuona mpaka baina ya mtaalamu wa hesabu na mpiga ramli. Alama zake ni tatu.

Alama ya kwanza: mwenye hesabu huonyesha njia yake. Vijana wale wa Maryland walieleza walichopima na namna walivyohesabu, hata mtu mwingine, wa dini nyingine na nchi nyingine, akipima hivyo atapata jibu lile lile. Mpiga ramli haonyeshi njia. Ukienda kwa watatu, utarudi na majibu matatu.

Alama ya pili: mwenye hesabu hukiri kosa lake na kulitaja kwa kipimo. Husema: jibu langu laweza kukosea kwa mita mia kadha, na utabiri wangu usiutumie baada ya muda fulani. Wataalamu wa Transit hawakuchoka kuyatafuta makosa yao. Mwaka 1972 walirusha chombo kiitwacho TRIAD, ambamo ndani yake mliwekwa tufe dogo lisiloguswa na hewa wala mwanga wa jua, nacho chombo kikajisukuma kidogo kidogo kulifuata tufe lile, ili njia yake iwe rahisi kuhesabiwa kwa muda mrefu zaidi. Mpiga ramli, je? Jambo likitokea alivyosema, hujisifu; lisipotokea, husema kafara ilipungua.

Alama ya tatu, nayo ndiyo kubwa: mwenye hesabu hasemi asilolijua. Mashine ile ilisema setilaiti itachomoza saa fulani. Haikusema kama meli itafika salama, wala kama nahodha atarudi kwa watoto wake, wala kama safari ina heri. Mambo hayo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Suratu Luqman imetufundisha kwamba hakuna nafsi ijuayo itakachokichuma kesho, wala nafsi ijuayo itafia katika ardhi gani. Hesabu imesimama nje ya mlango huo kwa adabu. Ramli yajaribu kuuvunja.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituwekea mpaka huu kwa tendo lake mwenyewe. Siku alipofariki mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakaanza kusema kuwa jua limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Kama angelikuwa mtu wa kutafuta utukufu kwa uongo, angelinyamaza. Lakini yeye, naye yu katika huzuni ya kufiwa na mwana, aliwakataza, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Na pia alionya vikali juu ya kwenda kwa watazamiaji.

Wanachuoni wetu wa zamani waliufuata mwongozo huo. Al-Biruni, katika karne ya 11, aliandika kitabu kizima juu ya kupima mahali pa miji, na miongoni mwa makusudio yake ilikuwa kuijua kibla kwa hakika. Ibn al-Shatir, katika karne ya 14, alikuwa na kazi ya kuangalia nyakati za sala katika Msikiti wa Umawiyya wa Damascus. Kwao elimu ya nyota ilikuwa mtumishi wa ibada.

NIA NA MATUMIZI

Haifai tuufiche upande mwingine wa kisa hiki. Mpango wa Transit haukuanzishwa kwa ajili ya wavuvi wala mahujaji. Ulianzishwa ili nyambizi zilizobeba makombora ya nyuklia zijue mahali zilipo, makombora yao yasikosee shabaha. Na shabaha zenyewe zilikuwa katika nchi za watu. Elimu ile ile iongozayo chombo kwenye bandari yaweza kuongoza moto kwenye mji. Hesabu haina nia. Mwenye nia ni mwanadamu, naye ndiye atakayeulizwa.

Hata hivyo, mwaka 1967 serikali ya Marekani iliifungua elimu ya setilaiti hizo kwa matumizi ya raia. Meli za biashara, za uvuvi na za kuchunguza bahari zikaanza kuzitumia, na kompyuta za melini zikazidi kuwa ndogo na rahisi mwaka hata mwaka. Transit ilistaafishwa mwishoni mwa mwaka 1996, baada ya mpango mpya uitwao GPS kukamilika mwaka 1995. Leo kijana wa Kiislamu akiwa safarini hutoa simu mfukoni, nayo kwa msaada wa setilaiti humwonyesha kibla na wakati wa Alasiri. Katika dakika ile yeye hutumia tunda la mti uliopandwa kwa nia nyingine kabisa. Na ajiulize: sisi tumepanda nini?

Kwa hiyo twawasihi wazazi: mtoto wenu akipenda hesabu na elimu ya anga, msimvunje moyo, wala msidhani amekaribia kwa mpiga ramli, kwa hakika yuko mbali naye kuliko wengi. Nanyi vijana, msiache elimu hii iwaingizie kiburi. Kumbukeni kwamba waliorusha nyota za kutengenezwa walilazimika kuusahihisha utabiri wao mara mbili kwa siku, hali mwezi na jua, tangu zilipoumbwa, zaenda kwa hesabu ya Muumba wao.

Na mtu akibisha hodi nyumbani mwenu akadai kuijua kesho yenu kwa ujira, mwulizeni maswali matatu: Njia yako ni ipi? Kosa lako ni kiasi gani? Na ni jambo gani usilolijua? Akishindwa kujibu, mwageni kwa heshima, na ujira ule mkamnunulie mtoto kitabu cha hesabu.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atulinde na elimu isiyo na faida. Amin.